Miguu Ikivimba Baada ya Kupona Saratani ya Damu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani Kasenga,

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, vumbi la mgodini na maji ya kuchemsha. Leo tunazungumza juu ya jambo lisilompata kila mtu. Ni nadra. Huenda katika kambi nzima wasipatikane watu wawili waliolipitia. Lakini yule mmoja anaweza kuwa jirani yako au mtoto wa dada yako, na siku mwili utakapoharibika hatakuwa karibu na madaktari waliomtibu. Atakuwa hapa Uvira, kati ya mlima na ziwa, pamoja na wewe.

Tuchukue mfano. Mwenzako alichoka bila sababu, akapauka, fizi zikatoka damu, homa ikakataa kuondoka. Vipimo vikaonyesha lukemia, yaani saratani ya damu. Ukoo ukachanga, kiwanja kikauzwa, ndugu walio mbali wakatuma pesa, akapelekwa nchi za nje akapandikizwa uloto. Baada ya miezi mingi akarudi. Mlimpokea mpakani Kavimvira kwa nyimbo, mama zake wakapika mikeke, mchungaji akaomba. Kazini akapewa mkono na kila mtu.

Miezi minane baadaye, asubuhi moja, viatu vyake haviingii. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Mkojo wake unatoa povu kama maji ya sabuni. Na hapo maneno yanaanza uani: huyu amelishwa sumu, ni karuho, kuna mtu ameonea wivu uzima wake. Mmoja anajua mzee wa kutapisha. Mwingine anasema ni joto tu, apumzike.

Kama uko katika uani ule, tunakuomba useme neno moja: tupime mkojo kwanza.

ULOTO NI KITU GANI?

Ukipasua mfupa wa ng'ombe unakuta katikati kitu laini. Huo ndio uloto. Kwa binadamu, uloto mwekundu ndio kiwanda cha damu. Ndani yake kuna seli mama, ambazo huzaa seli nyekundu za kubeba hewa, seli nyeupe za kupigana na magonjwa, na vigandisha-damu vya kuziba jeraha. Kiwanda hicho kikiharibika kwa saratani, daktari anaweza kukivunja kwa dawa kali, mara nyingine pamoja na mionzi, kisha kuweka seli mama mpya. Hakuna kupasuliwa kama wengi wanavyofikiri. Seli zinaingizwa kwa mpira katika mshipa, kama mtu anayeongezewa damu, nazo zinajua zenyewe njia ya kwenda mifupani.

Zipo aina mbili, nawe yafaa ujue mgonjwa wako alifanyiwa ipi. Katika ya kwanza mgonjwa hurudishiwa seli zake mwenyewe zilizochukuliwa na kuhifadhiwa kabla ya dawa kali; hivyo hufanywa sana kwa ugonjwa wa mieloma. Katika ya pili seli hutoka kwa mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa tumbo moja ambaye tishu zake zinapatana na za mgonjwa. Shida nyingi za figo tutakazozitaja ni za hii ya pili.

Wewe mtu wa mgodi una sababu ya kuijua historia yake, kwa kuwa ajali ya kazi imo ndani yake. Oktoba 1958, katika kituo cha nyuklia cha Vinča karibu na Belgrade, Yugoslavia, watu sita walipigwa na mionzi mingi kwa muda mfupi. Walipelekwa Paris kwa daktari Georges Mathé. Watano kati yao walipewa uloto wa Wafaransa waliojitolea kuchomwa sindano kwenye mifupa kwa ajili ya watu wasiowajua. Mmoja wa wale sita alikufa, wengine walipona, na wataalamu walibishana baadaye kama ni uloto wa wageni uliowaponya au wao wenyewe walirudisha nguvu. Marekani, E. Donnall Thomas alikuwa ameanza majaribio yake kwa wagonjwa wa saratani ya damu katika miaka ile ile ya 1950. Mwaka 1990 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Joseph Murray, aliyefaulu kupandikiza figo kati ya mapacha mjini Boston mwaka 1954. Mtu wa uloto na mtu wa figo walisimama jukwaa moja. Nasi leo tunaona kwa nini viungo hivi viwili haviachani.

Kwa jirani zetu ng'ambo ya ziwa kazi hii imekwisha kuanza. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Wengine wetu husafiri hadi Uhindi. Kadiri njia zinavyofunguka ndivyo watakavyozidi kurudi nyumbani watu wa namna hii, na ndivyo vituo vyetu vya afya vitakavyozidi kukutana nao.

KWA NINI FIGO?

Figo zako mbili, kila moja kama ngumi, huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku. Hesabu mwenyewe: ni bido tisa za lita 20. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, na kinachotoka kuwa mkojo ni lita moja na nusu hivi. Chujio la namna hiyo hupitiwa na kila dawa, kila sumu na kila taka ya seli zilizokufa. Mtu aliyepandikizwa uloto amepewa dawa nyingi kuliko watu kumi wa kawaida.

Jambo baya ni kwamba figo hazipigi kelele. Jino likioza utalia usiku. Figo inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake nawe unaendelea kucheka na rafiki zako.

Turudi kwa yule mwenzetu wa mkojo wa povu. Unajua wavu wa kuchungia mchanga: ukitoboka, mawe yanapita pamoja na mchanga. Ndivyo ilivyompata. Wavu wa figo umelegea, na protini, ambayo ni mali ya mwili, inamwagika katika mkojo. Ndiyo inayofanya povu. Damu ikipungukiwa protini, maji hutoka katika mishipa na kukaa miguuni, tumboni na chini ya macho. Kwa nini wavu ulegee sasa, miezi minane baada ya kupona? Kwa sababu seli alizopewa ni za mtu mwingine. Mara nyingine zinauona mwili alimoingia kuwa ugeni, zinaanza kuushambulia: ngozi, mdomo, macho, ini, na kwa nadra sana figo. Mara nyingi hutokea pale dawa za kutuliza kinga zinapopunguzwa au kuachwa. Mtu anafurahi kwamba vidonge vimekwisha, na kumbe ndio wakati wa kumwangalia zaidi. Ugonjwa huu una dawa, na wengi hupata nafuu wakiwahi.

Shida ya pili ni ya hatari zaidi na huja mapema, mara nyingi katika miezi ya kwanza. Mishipa midogo kabisa ya damu huumia ndani, seli nyekundu zinapopita zinakatika vipande, vigandisha-damu vinapungua, presha inapanda, figo zinaanza kufa. Mgonjwa anapauka tena, kichwa kinamgonga, anapata alama nyeusi mwilini bila kugongwa. Watu watasema lukemia imerudi. Huenda sivyo. Mara nyingine dawa ile ile ya kulinda uloto, takrolimasi au siklosporini, ndiyo imechangia, na daktari ataipunguza au kuibadilisha.

Angalia basi. Katika shida moja daktari anaongeza dawa za kutuliza kinga, katika nyingine anapunguza, na anayetazama miguu iliyovimba kwa macho tu hawezi kujua ni ipi. Ndiyo maana tunasema kwa nguvu: usimwachishe mgonjwa vidonge vyake, wala usimwongezee, kwa shauri la jirani au hata la muuza dawa.

Wengine hukojoa damu kwa maumivu makali. Hapa kwetu utaambiwa mara moja ni bilharzia, au utashutumiwa ugonjwa wa zinaa, na nyumba inaweza kuvunjika kwa shutuma hiyo. Kumbe kuna kirusi kinachoitwa BK, ambacho wengi wetu tulikipata utotoni bila kujua. Hulala kimya katika njia ya mkojo, na kinga ikishuka huamka. Na waliochomwa mionzi mwili mzima wanaweza kuona presha ikipanda na figo zikichoka baada ya nusu mwaka, mwaka, au zaidi.

Watu wa mieloma wana njia yao. Saratani hiyo hutoa protini nyingi zisizofaa ambazo huziba figo, basi wengi hufika kwenye upandikizaji figo zikiwa zimekwisha umia. Dalili yake moja ya mwanzo ni maumivu ya mgongo na mbavu. Mchimbaji gani hana maumivu ya mgongo? Anasema ni mizigo, anameza diklofenaki asubuhi na jioni miezi sita, na dawa hiyo inaongeza kuumiza figo ambazo ugonjwa umekwisha zianza. Mgongo usiopona kwa wiki kadhaa, pamoja na uchovu na kupauka, ni wa kupimwa damu. Hili linamhusu hata yule ambaye hajawahi kusikia neno uloto.

MAKOSA YA WATU WANAOMPENDA

Wanaomwumiza mgonjwa huyu si adui zake. Ni sisi tunaompenda.

Tunampa ndagala zilizokaushwa kwa chumvi, kwa sababu ndizo chakula cha nguvu. Mwenye figo dhaifu na presha, chumvi inamvimbisha. Ndagala mbichi zilizooshwa vizuri na kuiva sawasawa, pamoja na sombe isiyokolezwa chumvi, zinamfaa zaidi, mradi daktari wake hakumkataza jambo fulani.

Tunamletea matunda. Mengi ni mema, lakini si pamplemusi: ina kitu kinachozuia mwili kuvunja takrolimasi na siklosporini, hivyo dawa inajaa katika damu hadi kuwa sumu kwa figo. Anywe maji ya machungwa ya kawaida.

Tunamnunulia vidonge vya maumivu, diklofenaki au ibuprofeni, kwa sababu vinapatikana kila kibanda. Kwake havifai. Akiumwa kichwa aanze na parasetamoli, tena kwa kipimo, na presha yake ipimwe siku hiyo. Sindano ya jentamisini asichomwe ovyo. Na akishikwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi watu wa migodi tunaujua mno, mwuguzi aambiwe mapema kwamba anatumia takrolimasi, kwa sababu rifampisini huiangusha dawa hiyo katika damu. Hatusemi asitibiwe kifua kikuu; atibiwe, lakini vipimo vya dawa vipangwe upya na wanaojua.

Tunamchemshia mizizi ya kusafisha tumbo. Mizizi mingine haina neno, mingine inaua figo, na hakuna kibandiko chupani cha kukuambia ipi ni ipi. Zaidi ya hapo, mtu anayetapishwa kwa ajili ya karuho hupoteza maji, na figo zisizo na maji zinasimama.

Mama, kuna jambo moja la faragha. Krimu za kujichubua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima 60 waliovimba kwa ugonjwa ule ule wa kumwaga protini katika mkojo. Thelathini na wawili kati yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilipita kwenye ngozi ikafika kwenye figo. Ni zebaki hiyo hiyo wachimba dhahabu wa upande wa Fizi wanayokamatia dhahabu kisha kuichoma motoni, mara nyingine karibu na jiko la nyumbani. Mtu aliyepandikizwa uloto asiguse, asijipake, asikae penye moshi wake. Na wewe mzima vilevile, kwani wavu wako unalegea kwa njia ile ile.

MAJI YETU

Kasenga tunaijua. Mfereji unatoa leo, kesho haumo, na watoto wanachota ziwani. Kipindupindu hakijawahi kutuaga kwa muda mrefu. Kwa mtu mwenye afya, kuhara siku moja ni taabu. Kwa aliyepandikizwa uloto ni hatari ya figo ndani ya saa chache, kwa sababu mbili. Anapoteza maji, na tumbo linaloharisha linaweza kuifanya takrolimasi iingie kwa wingi zaidi katika damu. Hivyo maji yake yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa, yawekwe katika chombo chenye mfuniko na kikombe chake. Akianza kuhara, mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti mkiwa njiani, msisubiri kupambazuke. Mkifika hospitali neno la kwanza liwe hili: huyu alipandikizwa uloto, na dawa zake ni hizi.

Siku za kawaida za joto anywe maji ya kutosha. Lakini yule aliyekwisha vimba asilazimishwe kunywa bido nzima. Kiasi chake atapangiwa na daktari.

KIPIMO KIDOGO

Sasa tufike kwenye sababu ya kuandika haya. Msitu huu wa magonjwa unatisha, na mashine za kuuchunguza ziko mbali. Lakini mlango wake wa kuingilia unafunguliwa kwa vitu vitatu vidogo ambavyo kituo cha afya cha kawaida kinaweza kuwa navyo: karatasi ya kuchovya katika mkojo, ambayo hubadilika rangi kukiwa na protini au damu, mashine ya presha, na mizani. Mwuguzi hahitaji kuwa amewahi kuona mgonjwa wa uloto. Anahitaji kuchovya, kusoma na kuandika.

Fanyeni hivyo kila mara mgonjwa anapokwenda kituoni, hata kwa mafua, na angalau mara moja kwa mwezi katika mwaka wa kwanza na wa pili, kama daktari wake hakuagiza zaidi. Uzito ukipanda kilo mbili au tatu katika wiki moja, hajanenepa, ni maji. Presha ikipanda kuliko ilivyokuwa, au karatasi ikionyesha protini, hatua ya pili ni damu: kreatinini, ambayo huonyesha jinsi figo zinavyochuja, na hesabu ya seli za damu. Majibu yatumwe kwa simu kwa hospitali iliyompandikiza. Wao wakisoma protini mbili au tatu, presha na kreatinini, wanajua kama aje mbio au abadilishiwe dawa kwanza. Bila namba hizo mtawapigia mkisema "amevimba", nao hawana la kufanya kwa neno hilo.

Siku ya kupima kiasi cha takrolimasi katika damu, kidonge cha asubuhi asikimeze mpaka damu ichukuliwe. Wengi hukosea hapo, wakapata jibu la juu lisilo la kweli.

Kwako kapita, neno fupi. Mtu huyu akirudi kazini ameandikiwa kazi nyepesi, si uvivu. Asipewe kazi ya vumbi, wala ya kuchoma zebaki, wala ya kukaa kwenye joto bila maji. Na asioshe vyuma wala mikono kwa esanse. Hilo la esanse tunalisema kwa kikosi kizima: ndani yake mna benzini, nayo imethibitishwa kuleta lukemia. Tunawaona bado mnaosha mikono nayo saa ya kutoka kazini ili grisi itoke. Sabuni ya unga na mchanga laini hutoa grisi vilevile, ila zinachukua dakika mbili zaidi.

Mwisho, nunueni daftari. Ukurasa wa kwanza mwandike jina la ugonjwa, tarehe ya kupandikizwa, seli zilitoka kwa nani, kama alichomwa mionzi, majina na vipimo vya dawa zote, na simu ya hospitali. Kurasa zinazofuata ni tarehe, uzito, presha, mkojo, kreatinini. Na msiliweke chini ya kitanda. Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, nyumba nyingi za Uvira zilipoteza kila karatasi. Lifungeni katika mfuko wa plastiki, mlitundike juu ya ukuta, na kila kurasa mpya ipigwe picha kwa simu ya mtu mwingine wa ukoo anayekaa mtaa mwingine.